Kwa nini tunanyonya minyoo bapa kwanza, dawa baadaye

"Kaka, mmekuja mara tatu. Mara mbili mmekaa mnanyonya maji kwa mpira, dawa yenyewe mkatia matone siku ya tatu. Sasa mimi nimelipia nini?"

Ujumbe huu sisi mafundi wa matangi ya samaki wa baharini tumeupata wiki iliyopita kutoka kwa dada mwenye tangi la matumbawe la lita 60, na si wa kwanza wa aina yake. Wengine husema chupa ya dawa wangeinunua wenyewe wakaitia wenyewe, kazi ikaisha kwa dakika tano. Dada huyu alihisi ametapeliwa. Nimemjibu kwa simu, lakini naona afadhali niandike kwa kirefu, maana swali lake ni la haki na wapo wengi wanaolibeba moyoni bila kuuliza.

Tangi lake lilivamiwa na ile minyoo midogo ya rangi ya kutu ambayo watu wa matangi huiita planaria nyekundu. Jina lake la kisayansi ni Convolutriloba retrogemma. Wanasayansi siku hizi wanaitenga na minyoo bapa halisi, ila sisi mafundi tumeshazoea kuiita hivyo. Kila mmoja una urefu wa milimita chache tu, na mkia wenye ncha tatu ukiutazama kwa lenzi. Ndani ya mwili unafuga mwani, ndiyo maana unapenda mwanga. Taa zikiwaka hutanda juu ya mwamba, kwenye kioo na juu ya matumbawe, hasa pale mkondo wa maji ulipo dhaifu. Haiyatafuni matumbawe, bali inayafunika hadi yanakosa mwanga. Taa zikizimwa hujificha, kwa hiyo mtu anayekagua tangi alfajiri huniambia imeisha. Haijaisha. Inazaa kwa kuchipua, mnyoo mchanga ukijimega kwenye mwili wa mzazi, na mmoja tu uliojificha mwambani unatosha kuanza upya.

Sasa hili ndilo ninaloomba mlielewe: mara nyingi kinachoua samaki si dawa. Mwili wa mnyoo huu una sumu, na mnyoo ukifa sumu inatoka majini. Mmoja si neno. Lakini fikiria maelfu yanakufa ndani ya saa moja katika tangi la lita 60 ambalo, ukitoa mwamba na mchanga, lina maji lita 45 hivi. Katika tangi kubwa sumu hiyo ingetawanyika. Katika tangi dogo haina pa kwenda.

Niliwahi kuitwa na mzee mmoja aliyenunua dawa kwetu na kukataa huduma. Aliona kipimo cha kwenye chupa ni kidogo mno, akakizidisha mara mbili, akatia usiku, akalala. Nilipofika asubuhi maji yalikuwa na ukungu wa kahawia, mdomo wa pampu umezibwa na utelezi wa minyoo iliyokufa, na samaki wake wawili wa anemoni wamelala ubavu juu ya mchanga. Kamba aliyekaa naye miaka miwili alikuwa amekufa chini ya jiwe. Mzee alisema tumemuuzia sumu. Sikubishana naye siku ile, nilibadilisha maji na kuweka mkaa wa kuchujia ili kuokoa matumbawe. Baadhi yalipona. Gharama ya samaki na matumbawe aliyopoteza ilizidi mbali bei ya safari zetu tatu.

Kwa hiyo safari mbili za kwanza hatuendi kupoteza muda. Tunazima pampu maji yatulie, kisha tunapita na mpira mwembamba wa hewa, pembe kwa pembe, tukinyonya minyoo mmoja mmoja na makundi kwa makundi. Mahali ambapo mpira haufiki tunapulizia kwa sirinji kubwa hadi ing'oke. Inachukua saa mbili, mgongo unauma. Wateja huuliza kwa nini hatuchuji maji yale tukayarudisha tangini, kwani chumvi ni ghali. Hatuyarudishi kwa sababu minyoo iliyosagika ndani ya mpira imeshamwaga sumu humo. Tunatia maji mapya tuliyoyachanganya tangu jana yake, uzito wake ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi ni 1.025, na joto sawasawa na la tangi. Maji hayo nayo yamo kwenye bili. Tunaacha siku nne au tano ili iliyojificha itokeze, tunarudi kunyonya tena. Safari ya kwanza kwa dada huyu, chini ya ndoo palikuwa na tabaka jekundu kama vumbi la matofali. Safari ya pili palikuwa na vipande vya kuhesabika. Hapo ndipo tangi linakuwa tayari kwa dawa.

Siku ya dawa tunatoa mkaa kwanza usije ukainyonya dawa, tunazima skima (mtambo wa kuondoa uchafu kwa povu), tunaongeza hewa kwa jiwe la mapovu, na tunakokotoa kipimo kwa maji yaliyomo kweli, si kwa namba iliyoandikwa kwenye kioo. Baada ya dakika chache minyoo iliyobaki huanza kujikunja, ikaachia mwamba na kuelea ikizunguka. Hatuketi tukaitazama. Fundi mmoja ananyonya kila kinachoelea, mwingine anaangalia samaki wanavyopumua. Mkaa mpya uliooshwa uko kando ndani ya mfuko wake, maji mapya yako kwenye madumu. Samaki akianza kuhema haraka, mkaa unaingia dakika ile ile na maji yanabadilishwa. Tukiona hali ni nzuri tunasubiri kama saa moja, ndipo tunaweka mkaa na kubadilisha theluthi ya maji. Matone aliyoyaona dada yalikuwa machache kwa sababu kazi ilikuwa imeshafanyika.

Wapo wanaotaka tuwauzie samaki wa kula minyoo hii. Yule mdogo mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, wengine huila na wengine hawaitazami kabisa, na ndani ya tangi dogo huwa mkorofi kwa wenzake. Koa wa baharini Chelidonura varians anaila kweli, hana chakula kingine. Ikimalizika anakufa kwa njaa, kama pampu haijamvuta kabla. Kwa tangi la lita 60 nimekataa kumuuza mara nyingi, na nitaendelea kukataa.

Mwenye akropora, yale matumbawe magumu yenye matawi, ana adui mwingine, na huyu anakula nyama ya tumbawe lenyewe: Prosthiostomum acroporae, aliyepewa jina kwanza mwaka 2011 akiitwa Amakusaplana acroporae. Rangi yake inafanana na tumbawe alilokalia, unaweza kulitazama dakika kumi usimwone. Unachoona ni alama za mviringo zilizopauka, na mayai ya kahawia yaliyobandikwa kwenye sehemu isiyo na nyama karibu na shina. Njia ya mkato hapa ni kulichovya tumbawe jipya kwenye dawa mara moja na kulipandikiza jioni hiyo hiyo. Dawa ya kuchovya inaangusha minyoo mikubwa, lakini mayai haiyaui, nayo huanguliwa katika muda wa wiki tatu hivi. Kijana mmoja alichovya vizuri kabisa, akabandika kipande pamoja na kitako chake cha saruji. Mayai yalikuwa chini ya kile kitako. Alipotuita, makoloni manne ya matumbawe yake yalikuwa yameshapauka hadi nusu. Ndiyo maana sisi tunakata kitako na kukitupa, tunakwangua shina, tunachovya kila wiki, na tunalitenga tumbawe kwa wiki sita kabla ya kulikabidhi. Kipande chetu ni ghali kuliko cha mtu anayekitoa tangini na kukufungia kwenye mfuko papo hapo. Wiki hizo sita ndizo mnazolipia.

Ukiiona minyoo ya rangi ya kutu kwako, usitie chochote. Piga picha mchana taa zikiwa zimewaka, ututumie pamoja na ukubwa wa tangi, kilo za mwamba ulizoweka kama unazikumbuka, na orodha ya samaki. Ikiwa bado ni michache, tunaweza kukuelekeza kunyonya mwenyewe kwa simu, bila malipo.

Na kwa dada yetu wa lita 60: dozi ya pili imo kwenye bei ile ile uliyolipa. Tunakuja siku ya saba baada ya dozi ya kwanza, asubuhi, taa zikishawaka kwa muda wa saa mbili. Tafadhali usipunguze chakula cha samaki, na mkaa tutautoa wenyewe tukifika.