Hiyo C ya fizikia

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma mara mbili. Pole sana. Unasema tangu mwalimu arudishe mtihani wa fizikia usingizi umekukimbia, na kila unayemuuliza ana jibu lake: huyu anasema C moja si kitu, yule anamjua mtu aliyefutiwa udahili kwa alama kama hiyo. Mimi ningekusihi uache kuwauliza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeisoma barua yako ya udahili, na mambo yote yamo humo.

Vyuo vya University of California vinapompokea mtu anayehama kutoka chuo cha jamii (community college, kile cha miaka miwili), humpa udahili wa masharti. Masharti yenyewe yanaandikwa: masomo uliyoahidi kumaliza muhula huu uyamalize, masomo yaliyotajwa yapate C au zaidi, wastani usishuke chini ya kiwango fulani, na mabadiliko yoyote uyatolee taarifa. Kiwango hicho hutofautiana chuo hadi chuo, hata kitivo hadi kitivo. Kwa hiyo kabla ya kulia, chukua kalamu uandike pembeni mambo matatu. Je, fizikia imetajwa kuwa ni lazima kwa shahada yako? Inatakiwa alama gani? Na je, kuna wastani unaotakiwa kwa muhula huu peke yake?

Nakuuliza hilo la tatu kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko C yenyewe. Tazama hesabu, nimeipiga kwa namba ulizonitumia, A ikiwa 4, B 3 na C 2. Una uniti 48 zenye GPA ya 3.5, na muhula huu umebeba 12: fizikia ni 4, na yale masomo mawili mengine yana uniti 8. Ukipata C ya fizikia na A kwenye hayo mawili, wastani wa muhula ni 3.33, na wa jumla unakuwa 3.47. Hapo hapajaharibika kitu. Lakini ukiiachia hofu ya fizikia ikule saa zote, hayo mawili yakateremka hadi B, wastani wa muhula unakuwa 2.67. Wa jumla bado ni 3.33, kwa hiyo ukiutazama huo peke yake utadhani uko salama. Barua ikiwa inadai 3.0 kwa muhula, utakuwa umelikosa sharti hilo kwa sababu ya masomo ambayo hukuwahi kuyaogopa. Ndiyo maana nakuomba, hata kama kichwani kuna fizikia tupu, usiyatupe hayo mawili.

Sasa D, maana najua hiyo ndiyo unayoiogopa usiku ingawa hukuitaja. Vyuo vya jamii vya California havitoi C-. Ukiteleza kutoka C unatua kwenye D. Na D kwenye somo la lazima ni habari nyingine kabisa, hata kama wastani wako umesimama vizuri, kwa kuwa somo hilo litahesabiwa halijakamilika. F ni mbaya zaidi kwako, kwa sababu haitoi uniti hata moja, nawe unazihitaji hizo 4 ili ufikie 60 zinazotakiwa kuingia mwaka wa tatu. Wala huko hakuna sapu ya kukusubiri likizo. Kwa hiyo nguvu zako zote zielekee kwenye kuishika C. Fungua silabasi uone mtihani wa mwisho una asilimia ngapi, maabara zina ngapi, halafu ujue unahitaji alama ngapi hasa. Mara nyingi namba hiyo ikishaandikwa huwa ndogo kuliko tunavyoiogopa. Ipeleke kwa mwalimu saa zake za ofisi, umuulize ukazanie sura zipi. Walimu wa vyuo vya jamii wamezoea wanafunzi wanaohama, ukimweleza kwamba una udahili wenye masharti ataelewa mara moja.

Umeniuliza pia kama uliache somo upate W, yaani alama ya kujitoa, badala ya alama mbaya. Tafadhali usifanye hivyo kimyakimya. Kwanza, W kwenye somo uliloahidi kumaliza nayo ni kuvunja sharti. Pili, una viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni Marekani, na viza hiyo inakutaka ubebe uniti 12 kwa muhula. Ukiondoa 4 unabaki na 8. Kushuka chini ya 12 bila kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni kunaweza kukuharibia hadhi yako ya uanafunzi, na hilo ni tatizo kubwa kuliko fizikia mara kumi. Kubadilisha somo liwe la kufaulu au kutofaulu tu, bila herufi, nako usithubutu kabla hujauliza, kwani masomo ya msingi ya shahada kwa kawaida yanatakiwa yawe na herufi.

Halafu kuna lile swali lako la mwisho, kama unyamaze mpaka transkripti ya mwisho ifike wenyewe waione. Hapana, dada. Naomba unisikilize hapa kuliko kwingine kote. Ofisi ya udahili inayoambiwa mapema ina nafasi ya kukusaidia: inaweza kukuruhusu urudie somo kiangazi, inaweza kukubali somo jingine, inaweza kukuambia hakuna tatizo ulale. Ofisi inayogundua yenyewe mwezi wa saba inakuta alama mbaya na kimya chako juu yake, na hapo nafasi ya kukusikiliza inakuwa finyu. Sikuhakikishii watasema ndiyo. Ninachojua ni kwamba kunyamaza hakukupi chochote.

Waandikie leo, kupitia akaunti ile ile uliyoombea, usipige simu tu, ili jibu libaki kwenye maandishi. Sentensi chache zinatosha: somo gani, alama uliyo nayo sasa, alama unayotarajia, unafanya nini kuiinua, na swali moja lililo wazi, kwamba ikitokea D watakushauri ufanye nini. Usijieleze kurasa tatu. Kama kuna sababu ya kweli, kama ile homa iliyokuweka kitandani, itaje kwa mstari mmoja na uwe na cheti cha daktari karibu. Siku hiyo hiyo muone mshauri wa masomo pale chuoni kwako, ukaulize kama fizikia inafundishwa kiangazi na usajili unafunguliwa lini. Nafasi za kiangazi huwa chache, na ukiwa tayari unajua jibu, barua yako kwa udahili inakuwa na uzito.

Na usiache kuthibitisha nafasi yako kabla ya tarehe 1 Juni. Umeandika kwamba unaona haya kusema ndiyo wakati hujui alama zitakuwaje. Wamekuchagua kwa kazi ya miaka miwili, na kazi hiyo bado ni yako. Usijifutie udahili wewe mwenyewe kabla hata hawajakuuliza kitu.

Nipigie picha ukurasa wa masharti unitumie, ufunike namba yako ya mwanafunzi. Rasimu ya barua pepe nayo nitumie kabla ya kuituma, niipitie. Jumamosi nipo nyumbani kutwa, nipigie saa yoyote itakayokufaa wewe, hata ikiwa kwangu ni usiku wa manane.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.