Baiskeli Mombo mpaka Lushoto, someni yote tafadhali

Habari za jioni wadau, safari ya Usambara ipo palepale. Tunalala Mombo Ijumaa, Jumamosi saa 12 asubuhi wote tuko barabarani kabla jua halijawaka. Mombo ndo pale reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika 1905, halafu huko juu Lushoto wakapaita Wilhelmstal, yaani hii njia ina historia ndefu kweli na naipenda sana.

Ni kilomita kama 33 hivi, lami, ila tunatoka kama mita 400 tunaenda mpaka karibu 1,400, sasa miguu ijiandae, msianze kwa fujo, weka gia nyepesi upande taratibu maana kona ni kali na malori ya mboga yanashuka, kaeni kushoto mstari mmoja. Soni tunapumzika, kuna maporomoko, tunakunywa chai, wa nyuma wanatufikia hapo, hakuna anayeachwa. Jioni Irente, pale ukisimama ukingoni unaiona Mazinde chini kabisa na tambarare inaenda mpaka macho yanachoka.

Jumapili kushuka ndo naombeni umakini jamani. Usibane breki mfululizo, rimu inapata moto tyubu inapasuka, wewe bana achia, bana achia. Kagueni breki wiki hii, helmeti lazima, na sweta, usiku kule baridi.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Jumatano niweke oda ya vyumba, na asiye na baiskeli aseme mapema tumtafutie.