Kanuni hiyo ilitungwa na jaji, si mababu

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wa makala yenu ya Jumapili anasema sheria ya kawaida ya Marekani, ile inayojengwa kwa hukumu za majaji, ni mila za Waingereza zilizovuka bahari zikabaki vilevile. Kuvuka zilivuka. Kubaki vilevile ndiko ninakokukataa.

Nimestaafu udereva wa treni, basi nitasemea reli, na kanuni kwamba mwajiri hamlipi mfanyakazi aliyeumizwa na uzembe wa mwenzake kazini. Mwaka 1837 Nicholas Farwell aliendesha injini ya kampuni ya reli ya Boston na Worcester kwa dola 2 kwa siku. Mfanyakazi mwingine wa kampuni aliiacha njia imegeuzwa vibaya. Injini ikatoka relini, Farwell akarushwa chini, gurudumu likampita juu ya mkono wa kulia. Ukasagika.

Akadai fidia. Mwaka 1842 Jaji Mkuu wa Massachusetts, Lemuel Shaw, akamnyima. Abiria angelipwa, dereva hapana, kwa kuwa eti mshahara wake umeshahesabu hatari za kazi, na wafanyakazi ndio wanaoweza kuchungana wao kwa wao. Kuchungana! Uko kwenye mwendo, utamchungaje mtu aliyegeuza njia huko mbele, ambaye hata humwoni? Wakili wa Farwell, Charles Loring, alilisema hilo mahakamani. Shaw akaona halibadilishi kitu.

Mila gani ilikuwa nyuma ya hukumu hiyo? Alishikilia kesi mbili changa: ya Uingereza ya 1837, ya mtumishi wa muuza nyama aliyeumia kwenye gari la farasi, na ya South Carolina ya 1841. Reli zenyewe zilikuwa na miaka michache tu.

Sisemi Shaw alikula rushwa. Mwaka huohuo aliamua kwamba washona viatu wa Boston hawakutenda kosa kwa kuunda chama chao. Lakini gharama ya ajali lazima aibebe mtu, na wenye reli walishushiwa mzigo huo, akatwishwa aliyepoteza mkono.

Bunge la Marekani lilipowatetea wafanyakazi wa reli kwa sheria ya 1906, Mahakama ya Juu iliibatilisha. Ikabidi itungwe nyingine, 1908, kwa reli zinazovuka majimbo. Hapo ilikuwa miaka 66 tangu hukumu ya Farwell.

Wako,
Dereva mstaafu, Morogoro