Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu Makamu Mwenyekiti, ndugu Katibu, ndugu Mweka Hazina, wazee wetu walezi na ndugu wanachama mliofika, assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe.

Katiba yetu inanitaka nieleze yale ambayo chama kimeyafanya mwaka huu katika kazi yake ya kuwafikishia sayansi wananchi wa Tanga. Shughuli za kawaida mnazijua, nami sitazirefusha. Tulitembelea shule za sekondari za mjini kama ilivyo desturi. Siku ya Malaria Duniani, tarehe 25 Aprili, mtafiti kutoka Muheza alitueleza kwamba dawa ya ukutani humuua mbu anapotua ilhali chandarua humzuia asiume, na kwa hiyo kimoja hakiondoi haja ya kingine. Tulikuwa pia na mazungumzo juu ya kituo cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Vipindi vya podikasti vilitoka, na orodha yake ipo kwa Katibu.

Jambo linalohitaji maelezo ya kutosha ni uamuzi wa Kamati Tendaji wa kuacha kukodi ukumbi kwa ajili ya mihadhara, na badala yake kununua kinasa sauti na maikrofoni mbili, kuwafuata wananchi walipo, na kuyatoa mazungumzo hayo kama podikasti. Uamuzi huu umesemwa sana mitaani, na baadhi ya maneno yamenifikia kupitia kwa watu wasio wanachama, jambo ambalo limenisikitisha. Imedaiwa kwamba Mwenyekiti aliamua peke yake. Napenda ieleweke kwamba wazo nililitoa mimi, na silikani, lakini lilijadiliwa na kupitishwa na Kamati, na muhtasari wenye sahihi upo kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Ukumbi tuliokuwa tukiutumia ulitugharimu shilingi 80,000 kwa alasiri moja, bila kuhesabu maji ya kunywa. Mihadhara kumi ni shilingi 800,000, yaani zaidi ya ada zote tulizokusanya mwaka mzima. Pamoja na gharama hiyo, viti vilivyojaa vilikuwa vile vya mbele tu, na waliovikalia ni sisi kwa sisi, watu ambao tayari tunakubaliana. Mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu sana, alinikumbusha kuwa mihadhara ya sayansi ya Krismasi ya Royal Institution huko London imekuwa ikitolewa ukumbini tangu mwaka 1825, na kwamba heshima ya elimu hudai mahali pa heshima. Ni kweli. Hata hivyo, wenye mihadhara hiyo wenyewe huirusha kwenye televisheni kila mwaka tangu 1966, kwa sababu ukumbi, hata uwe mkubwa namna gani, hauwatoshi wanaostahili kusikia.

Naomba mniruhusu nieleze mazungumzo tuliyoyafanya kwenye mwalo wa Sahare kuhusu silikanti, kwani ndiyo yaliyolalamikiwa kuliko yote. Mzungumzaji wetu alianza vizuri: samaki huyu alidhaniwa kutoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, hadi mwaka 1938 alipoonekana Afrika Kusini na kugunduliwa na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji wa East London hukohuko, hapa kwetu alianza kunaswa mara kwa mara kuanzia miaka ya 2003 na 2004, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Hapo nahodha mmoja, aliyekuwa akishona wavu wake muda wote huo, aliuliza mbona babu zake walivua bahari hiyohiyo na hawakumjua samaki huyo. Akaendelea kueleza mwenyewe kwamba jarife, yaani wavu wa kunasia papa, siku hizi hushushwa mbali chini, hutupwa jioni na kutolewa alfajiri. Mzungumzaji aliweka karatasi zake chini, na kutoka hapo mazungumzo yakawa ya watu wawili: silikanti hujificha mchana katika mapango ya miamba kwenye maji ya baridi, hutoka usiku kutafuta chakula, na mteremko wa bahari yetu ni mkali kiasi kwamba kina cha mita 100 hakiko mbali na pwani. Wavu wa usiku uliozama sana humkuta njiani. Maelezo hayo yalikamilika kwa sababu kila mmoja wa watu wawili alikuwa na nusu yake, na wote wawili wakasikika.

Lilipofika suala la uzazi, palinyamaza kabisa. Watafiti waliosoma alama za magamba yake walikadiria mwaka 2021 kwamba silikanti huweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba mimba yake huchukua takribani miaka mitano. Nahodha yuleyule ndiye aliyewaambia wenzake maana yake: jike mmoja akinaswa, pengo lake halizibwi leo wala kesho.

Wapo wanachama waliotaka swali la nahodha likatwe kwenye podikasti kwa madai kwamba lilimkatiza mgeni. Nililikataa ombi hilo, na ningelikataa tena. Sisi wa mkoa huu ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kudharau swali la msikilizaji. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya uliopoa, na akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, Mpemba akiwa mwanafunzi wa shule ya Mkwawa, Iringa, Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifika kutoa mhadhara, kijana akanyanyua mkono na kuuliza, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wangali wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Lau swali lile lingekatwa, mhadhara ungebaki mzuri na dunia isingejua lolote.

Kuhusu ubora wa sauti, ambao nao umelalamikiwa, upepo wa pwani huvuma ndani ya maikrofoni, nasi tumeuzuia kwa sifongo na kitambaa. Vipindi vingine vilirekodiwa sebuleni kwangu, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani, kwa umeme wangu na kwa subira ya familia yangu. Vipindi tunavibana kwa makusudi hadi dakika 20 zisizidi takribani megabaiti 5, ili mwenye bando dogo aweze kuvipokea kwa WhatsApp.

Sasa fedha. Daftari lina wanachama 58, na ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 21, waliolipa nusu ni 9, na 28 hawakulipa chochote. Tulikusanya shilingi 612,000 badala ya 1,392,000. Marafiki wa chama walichangia 350,000. Vifaa vilichukua 540,000, nauli za wazungumzaji 165,000, intaneti 120,000 na uchapishaji 40,000. Salio ni shilingi 97,000. Miongoni mwa wale 28 wamo waliosema kwa sauti kubwa zaidi kuhusu bei ya maikrofoni.

Mahudhurio nayo yanaumiza. Kikao cha Juni kiliahirishwa kwa kukosa akidi, na cha Septemba kilifanyika kwa sababu tu tulimsubiri mjumbe mmoja hadi baada ya Magharibi. Mzungumzaji aliyetoka Lushoto kwa basi, akakuta watu saba wa chama kilichomwalika, hastahili kutendewa hivyo, na mimi ndiye niliyesimama kumwomba radhi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kufika Pangani na Mkinga, kuzungumza na redio za hapa mkoani ili zirushe vipindi vyetu, na kuwapata vijana watakaojifunza kurekodi na kuhariri. Mweka Hazina atakuwepo mlangoni na kitabu cha stakabadhi mara baada ya kikao hiki.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Tanga