Rama, niulizie zile fimbo tatu

Entebbe, Jumanne usiku

Ndugu yangu Rama,

Asalaam aleikum. Najua, najua. Tangu Idi sijakuandikia, na ule ujumbe wako wa sauti wa dakika saba niliusikiliza nusu, umeme ukakatika, simu ikazima. Mama hajambo, mguu ndio unaomsumbua. Watoto wazima. Wale wadudu wa ziwani wamerudi kwa mawingu, ukipiga mwayo huna haja ya chakula cha jioni. Basi salamu zimetosha, nina shida.

Uliwahi kuniambia bosi wako wa Nyali ana zile fimbo tatu za gofu za mazoezi ya kasi, kazitupa nyuma ya mlango wa gereji tangu mgongo umshike. Bado zipo? Muulize kama ataniuzia, au ataniazima, au atanipa kwa ajili ya Mungu. Ila nisikilize kwanza, maana nakujua, utaanza kucheka kabla hujafika mwisho.

Alikuja mgeni mmoja kutoka Uingereza, nikambebea mkoba siku mbili. Ana kidude cha rada, ukikiona utadhani simu, anakiweka chini nyuma ya mpira kinakusomea kasi ya fimbo. Tulipomaliza akaniambia, haya, na wewe jaribu. Nikashika draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, nikaivuta kwa nguvu zote nilizopewa na Mola. Maili 94 kwa saa. Nikavimba kichwa, hadi akaniambia wachezaji wa kulipwa wa Marekani wanaume wastani wao ni kama 115, na wanawake wako hapo hapo nilipo mimi. Afande alikuwa amesimama pembeni. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Sasa kila nikipita ananiita "dada".

Na hapo tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi inanibebea mpira. Nikija kwenu pwani si nitaaibika kabisa?

Nikaenda kwa Sula wa kuchomelea, akanikatia nondo ya milimita 12, urefu wa draiva. Nikaifunga mpira wa ndani wa baiskeli nipate mshiko. Kilo moja na kidogo, wakati draiva haifiki gramu 350. Kila alfajiri nyuma ya jiko nilikuwa naizungusha mara mia, kuku wanakimbia huku na huku. Wiki sita, Rama. Nikiweka nondo chini na kushika draiva, naona kama nimeshika unyasi. Nikasema dawa imeingia.

Mgeni aliporudi nikamwomba rada. 91.

Umesoma vizuri, ilishuka. Akanieleza taratibu, na sasa naona ukweli wake: kwa wiki sita nilikuwa naufundisha mwili kwenda polepole, kwa bidii. Ule wepesi unaousikia baada ya chuma ni wa mikononi tu, rada haiujui. Zile fimbo tatu zina hesabu nyingine. Moja ni nyepesi kuliko draiva kwa asilimia 20, ya pili kwa asilimia 10, ya tatu ndiyo nzito, tena kwa asilimia 5 tu! Unaanza na nyepesi, unaivuta kwa kasi ambayo mwili haujawahi kuionja, ukifika kwenye nzito mwili umeshasahau mpaka wake wa zamani. Halafu unapumzika siku moja au mbili. Mimi na nondo yangu nilikuwa sipumziki hata Ijumaa.

Akanitajia yule Matt Fitzpatrick, mtoto wa Sheffield, ambaye hana mwili wa kutisha mtu. Alifanya mazoezi ya namna hiyo, ya kubadilisha uzito na kuandika kila namba, na mwaka 2022 akachukua U.S. Open, lile shindano kubwa la gofu la Marekani, kule Brookline. Nikamwambia Afande. Akajibu, "Na wewe ulichukua nini?"

Nilichukua adhabu. Hili nilitaka nikufiche lakini Sula atakuambia tu. Kwenye shindano letu la wabeba mikoba nilienda na nondo ndani ya mkoba. Tii ya kumi, pale pa kuanzia shimo la kumi, kuna foleni, mwili umepoa, nikaichomoa nikaizungusha mara mbili kujipasha moto. Kumbe kanuni ya gofu ya 4.3 inakataza kufanya swingi ya mazoezi kwa kifaa cha mazoezi wakati raundi inaendelea. Nikaongezewa mapigo mawili. Ningerudia ningetolewa kabisa. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonya wageni wasichezee kanuni! Nikakosa mbuzi wa zawadi kwa pigo moja. Yule mbuzi nilikuwa nimeshampa jina.

Sasa Afande, baada ya kucheka wiki nzima, akanionea huruma. Akachukua draiva yangu, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akaniambia shika huku kwenye shingo, zungusha, usiangalie, sikiliza. Ule mlio wa "vuu" unatakiwa usikike mbele, upande wa mguu wa kushoto, pale mpira unapoondokea. Wangu ulilia karibu na sikio la kulia. Yaani kasi yote naimaliza juu huko, mkono umeshafunguka, nikifika kwenye mpira sina kitu. Mshahara unaoisha tarehe tano.

Unajua alinipa dawa gani? Fyekeo. Lile lile tulilofyekea uwanja wa kambi tukichelewa paredi ya asubuhi. Anasema fyekeo halikati hewa, linakata chini, na mtoto akiadhibiwa kufyeka hakuna anayemfundisha kiuno kianze au mkono ubaki nyuma, mwili unajua wenyewe. Nimefyeka jioni tatu. Mlio umesogea, wallahi, sasa unalia karibu na kiatu. Sijui rada itasemaje, mgeni amesharudi kwao.

Kwa hiyo utauliza fimbo za bosi ni za nini tena. Nimejiuliza hata mimi. Naona fyekeo limenionyesha mahali pa kuiweka kasi, lakini kasi yenyewe bado ni ya kuitafuta, na kwa nondo sirudi. Kama bosi ana rada pia... hapana, hilo acha. Au uliza tu, polepole.

Mke wangu alinisikia kwenye simu nikimwambia Sula nataka draiva mpya. Siku mbili hanisemeshi. Alidhani nataka kuajiri dereva, na hata baiskeli hatuna.

Baba Zamu anapakia lori hapo Mombasa Jumamosi, atapita Malaba Jumatatu akijaliwa. Fimbo zikiwa tayari mpe yeye, zifungwe na gunia. Senene wakishuka Novemba nitakutumia kopo kubwa, wale wa kukaanga na kitunguu. Vipi, bado unawala au pwani imekubadilisha? Salma alijifungua? Mbona hukusema? Na ile kazi ya kufundisha watoto klabuni walikupa au wanakuzungusha? Mpira wako bado unakwepa kushoto? Na mishiko ya hizo fimbo ni mizima, au joto la gereji limeiyeyusha?

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Ndugu yako,
Kassim

Nyongeza: bosi usimwambie habari ya nondo.