Mdogo wangu, funga mkia kwanza

Mdogo wangu,

Maneno kwamba nimeiteka ndege ya marehemu baba, ile Piper J-3 ndogo ya viti viwili, kwa kuzing'oa plagi zake, yamenifikia kupitia kwa shangazi, tena wiki ile ile ya harusi yako. Kwanza hongera. Nilifurahi mno kukuona umevaa saa ya baba. Ila kwa kuwa malalamiko umeyapeleka kwa ukoo mzima, majibu nayaweka hapa hadharani, na wengine wenye ndege kama hii wachukue yanayowafaa.

Siku ile unaijua. Injini ilikuwa ya moto, imegoma. Ukasukuma trotli, kile kishikizo cha nguvu ya injini, karibu nusu, ukashuka, ukaenda kuzungusha propela kwa mkono. Mkia haukufungwa, tairi hazikuwekewa vizuizi. Kiti cha nyuma, ambacho ndicho cha rubani, kitupu. Cha mbele yupo mtoto wa dada, kafungwa mkanda, anacheka. Injini ikashika. Ndege ikatoka mbio, ukawahi kuudaka mhimili wa bawa, lile bomba linaloshikilia bawa kutoka kwenye kiwiliwili cha ndege, ikawa inakuzunguka kama mbuzi mwenye kamba mpaka swichi ilipozimwa. Nawe ukasema, “Si imewaka?” Kosa ningelisamehe jioni ile ile. Neno hilo bado.

Piper J-3 haina betri wala stata, na kuiwasha ni kazi ya watu wawili. Kwanza mkia ufungwe kwa kamba kwenye nanga iliyokita ardhini, kisha vizuizi viwekwe mbele ya tairi zote mbili. Anayeijua ndege aketi nyuma, usukani ameuvuta tumboni, breki amezikanyaga kwa visigino. Swichi imezimwa, mafuta yamefunguliwa, trotli imefungwa: hapo propela izungushwe taratibu kwa mkono, panga lake lipite mara nne hivi, injini ivute mafuta. Baadaye trotli ifunguliwe kidogo sana, na aliye ndani atamke kwa sauti kwamba swichi amewasha. Injini ya moto haihitaji trotli zaidi ya hiyo. Viganja viwe bapa juu ya panga, vidole visikunjwe kwenye ukingo wake wa nyuma, kwa maana injini ikirudisha teke, vidole vilivyojikunja huvutwa pamoja na mkono. Simama pakavu pasipo kokoto, huna pete wala nguo inayopepea, na ukivuta panga chini mwili uwe tayari unarudi nyuma.

Na swichi usiiamini. Magneto, kifaa kinachozipa plagi cheche, hujitengenezea umeme yenyewe. Swichi ikizimwa, inachofanya ni kuunganisha waya wa magneto na bodi ya injini ili cheche zisitoke. Waya huo ukikatika, swichi inasonga vizuri kwenye alama ya kuzima, lakini plagi bado zina moto. Kwa hiyo kila unapomaliza kuruka, injini ikiwa inazunguka polepole, zima swichi uisikilize. Isipokufa hapo hapo, waya una tatizo, na propela isiguswe na mtu mpaka fundi auone. Propela iliyotulia ichukulie kuwa inaweza kuwaka wakati wowote, hata unapoisogeza tu ili uipanguse.

Ndiyo, plagi zote nane ninazo mimi. Silinda nne, kila moja plagi mbili. Sikuzichukua ili niruke peke yangu, kwani bila plagi hata mimi siruki. Mashimo sikuyaacha wazi pia: nimeyaziba, ya juu kwa plagi zenye chembe za kunyonya unyevu, maana injini iliyolala hushika kutu ndani ya silinda. Chembe zikitoka bluu zikawa waridi, zibadilishe. Mwizi gani huhudumia alichoiba?

Mafuta. Tangi la mbele linachukua lita 45 hivi, na injini hula lita 15 hadi 17 kwa saa. Geji ni waya uliosimama juu ya boya. Waya ukilala kwenye kifuniko, mafuta yamekwisha. Hesabu saa yako, usingoje waya. Petroli yenye ethanoli usiitie: hula vanishi ya boya, ambalo ni la gome jepesi kama la kizibo cha chupa, mabaki yake yanaziba chujio, na boya likilowa linazama.

Kuhusu barafu ndani ya kabureta, panapochanganywa petroli na hewa, tulishabishana, nawe ulikosea. Petroli ikigeuka mvuke mle ndani, hewa hupoa kwa nyuzi 20 au zaidi, kwa hiyo barafu hujijenga hata nje kukiwa na nyuzi 20 za joto, mradi hewa ina unyevu. Dalili ya kwanza ni mizunguko ya injini kushuka polepole bila wewe kugusa trotli. Vuta kishikizo cha hewa ya moto, ile inayopashwa na ekzosi, chote, si nusu. Injini itatetemeka na mizunguko itazidi kushuka, kwa sababu barafu inayeyuka na maji yanapita ndani; hapo ndipo watu huogopa wakaifunga. Usiifunge. Subiri. Na unapojiandaa kutua, ivute kabla ya kupunguza trotli, kwani ekzosi ikishapoa haina joto la kukupa.

Kwa kutua sina la kukufundisha. Miguu yako kwenye pedali ni myepesi kuliko ya baba, na yeye mwenyewe alilisema.

Limebaki moja, na ndilo linalonikosesha usingizi. Mhimili ule ulioudaka ni wa zamani, haukuzibwa. Maji huingia, yakatuama upande wa chini karibu na kiwiliwili cha ndege, kutu ikala kutoka ndani huku rangi ya nje inang'aa. Marekani ilitoa agizo mwaka 1993: mihimili ya aina hiyo ikaguliwe tena kila miezi 24, au ibadilishwe kwa iliyozibwa. Ukurasa wa ukaguzi katika daftari la ndege yetu ni mtupu. Tafuta fundi mwenye kifaa cha kupimia, nami nitalipa nusu. Akiweka sahihi yake, plagi nitazirudisha kwa mkono wangu, zimesafishwa, pengo limepimwa, na gasketi mpya za shaba.

Mtoto wa dada hapandi kabla ya hapo. Nimeshamwambia dada, na nitalirudia mbele ya yeyote utakayempelekea malalamiko.