Kuhusu ile kofia ya Iowa

Lincoln, Nebraska
Jumapili, 28 Novemba 2021

Kaka Rama,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, baridi imeshaanza kuuma, na yule dada wa chapati kila Jumapili anakuulizia. Mzee wa Tabora ametoka hospitali. Anatembea na fimbo lakini sauti ni ileile. Msalimu sana shemeji na mtoto. Nimezipitisha salamu mbiombio, nisamehe, kuna jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa.

Ile picha.

Sikukujibu kwa makusudi. Ningekujibu saa ileile ningeandika maneno ambayo leo ningeyajutia. Nilikuwa bado nashuka ngazi za Memorial Stadium, timu yetu ya Nebraska imetoka kufungwa na Iowa kwenye futiboli ya Kimarekani, umati wote unatoka kimya kama unatoka mazikoni, simu ikatetemeka mfukoni. Nafungua, ni wewe, sebuleni kwako Des Moines, kofia nyeusi na njano ya Iowa kichwani, dole gumba juu. Na chini yake: "Kaka, hamia kwa washindi."

Rama, wewe?

Najua unakaa Iowa sasa. Kazi imekupeleka huko na riziki haina mpaka, hilo sina neno nalo. Lakini mkate wa Iowa na kofia ya Iowa ni vitu viwili. Tena siku hiyo, dakika zile.

Sijui kama uliangalia mechi yote au uliona matokeo tu, kwa hiyo nakusimulia. Robo ya tatu tulikuwa mbele 21–6. Martinez, mrusha mpira wetu mkuu, hayupo, bega limemtoa, kijana Logan Smothers anaanza mechi kwa mara ya kwanza na anacheza kama mtu mzima. Watu wamesimama, baridi haisikiki. Wakapata tatu za teke, 21–9. Robo ya nne inaanza, tunapiga mpira kuusogeza mbali, unazibwa palepale, Iowa wanauokota na kuingia nao. Kisha tukabanwa ndani ya eneo letu wenyewe, wakachukua pointi mbili za bure, ikawa 21–18, kisha teke jingine la pointi tatu, ikawa 21–21. Zimebaki kama dakika tatu wakafunga tena. 28–21. Pointi 22 mfululizo bila sisi kujibu hata moja. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya pale ulipozoea kusimama wewe.

Jana usiku usingizi ulipokataa nilichukua karatasi nikapiga hesabu, na nataka uione kabla hujanieleza habari za washindi. Msimu huu tumeshinda 3 na kupoteza 9. Sawa. Lakini zile 9 tumepoteza kwa pointi ngapi? Illinois 8, Oklahoma 7, Michigan State 3, Michigan 3, Minnesota 7, Purdue 5, Ohio State 9, Wisconsin 7, Iowa 7. Hakuna hata moja iliyofika 10. Jumla yake ni 56. Sasa kumbuka ile Jumamosi ya tarehe 2 Oktoba tulipowapiga Northwestern: tulifunga pointi 56 usiku mmoja! Ukichukua mechi zote 12, tumefunga pointi 63 zaidi ya tulizofungwa, na bado tuko 3–9. Timu mbovu haifanyi hivyo. Hii ni timu inayofika mlangoni kila wiki na kukuta mtu ameshafunga kwa ufunguo.

Na ndiyo maana inauma kuliko kipigo. Kipigo unakijua robo ya kwanza, unaenda zako kununua kahawa. Hii ya kufungwa mwishoni inakuweka kwenye matumaini hadi dakika ya mwisho, halafu inakuchukua yote kwa mkupuo. Tarehe 25 Septemba ndiyo ilinivunja zaidi. Asubuhi Mayele wa Yanga yetu amewafunga Simba kwenye Ngao ya Jamii, ulinipigia tukapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Usiku ni Michigan State. Kipindi cha pili ulinzi wetu uliwakaba hawana pa kupita, tuko mbele kwa pointi 7, dakika chache zimebaki, mpira mmoja tu tulioupiga mbali ukarudishwa mpaka mwisho. Muda wa nyongeza, tumekufa. Na wiki mbili baadaye Michigan hapa hapa nyumbani, 29–29, mpira unatutoka mkononi, wanapiga teke la pointi tatu, basi.

Lakini kuna jambo moja sidhani kama limekufikia. Unajua kwamba Martinez alivunjika taya kwenye ile mechi ya Michigan State? Taya, Rama. Na hakusema. Akarudi wiki iliyofuata akacheza, akaendelea kucheza Oktoba yote, akigongwa na watu wa kilo mia na ushei, na sisi jukwaani tunamlaumu kwa nini ameangusha mpira. Kocha alilisema hili juzijuzi tu. Nimelifikiria sana. Kijana ni nahodha, yuko pale tangu 2018, hajawahi kuonja msimu mmoja wa kushinda zaidi ya kupoteza, na taya limevunjika, na bado anavaa jezi. Halafu mimi ninayekaa kwenye benchi na koti na soksi mbili niseme nimechoka?

Narudi kwenye kofia, maana sijaimaliza.

Wewe ndiye uliyenifundisha haya, tena si hapa. Mei 2012, uwanja wa Taifa, Simba 5, Yanga 0. Unakumbuka tulivyotoka? Wananchi wanavua jezi, wengine wanazigeuza ndani nje, wengine wanazitia kwenye mifuko ya rambo wapite salama. Mimi nilikuwa nimeshaishika ya kwangu kwenye pindo. Ukanishika mkono ukasema iache. Tukatembea kwa miguu kuelekea Mtoni, jezi za njano na kijani mwilini, kila kijiwe wanatuonyesha vidole vitano. Hukukimbia, hukujibu, hukuinamisha kichwa. Nilikuwa mdogo kwako na nilitaka kulia, na nilikuona mtu mkubwa kuliko wote Temeke nzima. Na hii miaka minne Simba wamebeba ubingwa mfululizo, je, ulihama? Hukuhama hata siku moja. Leo hatujafungwa kwenye ligi na unatembea kifua mbele kwa haki yako, kwa sababu ulikuwepo.

Kwa hiyo najiuliza: ni kwa nini Yanga ni yako hadi kaburini lakini Nebraska ni ya kuazima? Kwa sababu tulizaliwa kule na huku tumekuja? Mimi sikubali. Tumefika hapa Agosti 2016 na masanduku mawili kila mmoja, hatujui mtu. Koti langu la kwanza la baridi lilikuwa jekundu lenye herufi N, alinipa yule bibi wa kiti cha nyuma yetu uwanjani, ananiona natetemeka na sweta. Wewe alikupa glavu za marehemu mumewe. Hakutuuliza tumetoka wapi mpaka mapumziko. Mwaka ule timu ilishinda mechi 9 na sisi tukadhani ndivyo ilivyo siku zote. Kuanzia 2017 ni maumivu, misimu mitano sasa, na bibi yule hajakosa. Ijumaa alikuwepo, blanketi miguuni.

Uwanja ule haujawahi kuwa na tiketi iliyobaki tangu tarehe 3 Novemba 1962. Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata mwaka wa uhuru! Mwaka huu kuna mechi tiketi zilidoda, wenye uwezo wakazinunua wakawapa watoto ambao wazazi wao wasingeweza. Kwenye kiti chako Ijumaa nilimkalisha mtoto wa dada wa chapati. Alikuwa na puto lake jekundu, akaliachia tulipofunga tachidauni ya kwanza, alifurahi yule mtoto hadi nikasahau nina miaka mingapi. Mwisho, wakati tunatoka, akaniuliza, "Anko, sasa tunashabikia nani?" Nilimfunga zipu ya koti. Sikuweza kusema kitu, maana sekunde chache kabla nilikuwa nimeiona picha yako.

Nimemjibu leo baada ya kanisa. Nimemwambia ni hawahawa.

Sasa kuhusu vile viti vyetu viwili vya uwanjani. Uliandika mwezi uliopita kwamba nitafute mnunuzi wa kiti chako. Sijatafuta na naomba usinilazimishe. Kama fedha ndiyo shida, niambie waziwazi, nitalipia vyote viwili mwaka ujao na utanirudishia utakapoweza, hata kidogo kidogo. Kama ni kuchoka, hapo ndipo nataka tuzungumze ana kwa ana. Saa tatu tu barabara ya I-80, si safari ya Kigoma.

Tarehe 11 Desemba ni Simba na Yanga, Jumamosi asubuhi kwa saa za huku. Njoo Ijumaa usiku ulale hapa. Unaweza? Zamu yako inaruhusu? Mzee wa Tabora nimchukue mimi au utampitia wewe? Shemeji anakuja na mtoto au nitandike kitanda kimoja? Na ile kofia, ulinunua au ulipewa na wenzako kazini? Kama ulipewa nitaelewa, niambie tu. Uliangalia mechi yote kweli? Ulipoona wameuziba ule mpira, hukuumia hata kidogo?

Na ile jezi ya 2012 bado unayo?

Mdogo wako,
wa Mtoni, na wa kiti cha pembeni yako